Mwanangu Yupi?

Fundi kompyuta aliniuliza kama mwanangu anataka kadi ya sauti ya ndani au ya nje.

"Mwanangu yupi? Anayecheza mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta ni mimi."

Akacheka, akanichagulia ya ndani. "Mama, hutasikia tofauti."

Mimi fundi cherehani. Sindano ikipinda naisikia kabla uzi haujakatika. Nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikarusha ndege kwenye kompyuta ya dukani kwake kwa kadi zote mbili. Ya ndani ilichanganya injini na mkwaruzo wa kompyuta yenyewe. Ya nje ilinipa injini peke yake, na ya kushoto ilikuwa inakohoa.

"Injini ya kushoto inazimika," nikasema.

Akatazama skrini; mshale wa injini ya kushoto ulikuwa unashuka. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nifungie ya nje. Na huyo mwanangu akija, mwambie mama yake yuko angani."