Cheche Sikioni mwa Kaswera

Kaswera aliingia gereji ya Maate pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, bila hata kupiga hodi. Alikuja na hasira tangu mjini Kasese, kwa daktari wa masikio aliyempiga picha ya kichwa.

Na asikasirike kwa nini? Miaka sita nyuma, alipokuwa binti aliyevuka kutoka Kongo kujifunza kuchomelea vyuma kwa huyu Maate, alilala chini ya lori na cheche ikamdondokea sikioni. Alipiga yowe soko zima likasikia. Maate akafanya wanavyofanya mafundi wa pale: akammiminia oili chafu sikioni, eti moto uzimike, akachokoachokoa kwa waya, kisha akamwonesha kiganjani kipande kidogo cheusi cha chuma.

"Imetoka. Rudi kazini, lori inangojewa mpakani."

Akarudi, masikini! Tangu siku hiyo sikio halijakauka. Usaha, harufu, kizunguzungu, mwisho uziwi. Maate naye akawatangazia mafundi kwamba yule Mkongomani haogi, wakakataa kula naye sahani moja, mpaka akaacha kazi kwa aibu. Na sasa mdomo umeanza kwenda upande.

"Fundi," alisema, "daktari ameiona ile cheche. Ingali ndani, nyuma ya ngoma ya sikio. Ile ulinionesha ilitoka wapi?"

Maate alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Kaswera, mwanangu, njoo tuongee pembeni."

"Pembeni ya nini? Ilitoka wapi?"

"Chini. Niliokota chini. Ulikuwa unalia sana, nikataka utulie."

Utulie! Vifupa vya sikio vimeliwa na usaha, daktari atapasua ili kuokoa uso tu, sikio lenyewe ndiyo basi tena, na huyu bwana alitaka atulie!

"Waambie hawa," alisema, akiwanyooshea kidole mafundi waliokwisha kuzima mashine zao.

"Nisamehe, mama. Kama ni matibabu, mimi nita..."

"Sikuomba matibabu. Waambie, ni uchafu wangu au ni uongo wako?"

Maate aliinama, akanong'ona kwamba cheche hakuitoa, kwamba alidanganya.

Kaswera alimkamata ukosi wa shati, akamgeuza awatazame wenzake usoni.

"Sema kwa nguvu! Umenifanya kiziwi."