Mpini wa Chuma, Mpini wa Nyuzi

Evangelina alirudi nyumbani Mutuka na mfuko mrefu begani na mkono wa kulia usioweza hata kukamua nguo. Daktari huko Arusha alikuwa amemwambia akipumzishe kiwiko wiki mbili. Akanikuta niko shambani, eka mbili za mahindi na maharage zimemezwa na magugu, mgongo wangu umegoma. Akaniamkia, akaegesha mfuko ukutani, akachukua jembe. Kwetu kupumzika ndiko huko.

Huyu ni kitinda mimba wangu, mama yake Coletha. Miaka kumi na mitano amebeba mifuko ya wachezaji wa gofu, na katika kubeba akajifunza kupiga, mpaka akawashinda baadhi ya waliokuwa wakimbebesha. Sasa klabu yao inatafuta mwalimu wa wanaoanza. Mwezi ujao atacheza siku mbili mfululizo mbele ya watu wa kumpima, na akifikisha alama, kazi ni yake. Mzee mmoja aliyeacha kucheza amempa vichwa saba vya fimbo, vya chuma kizuri, ila mipini imeliwa na kutu. Klabu itamwekea mipya. Fundi wao, Sosthenes, alitaka jibu Ijumaa jioni ili aagize: mipini ya chuma au ya grafaiti.

Grafaiti nilikuwa siijui. Akanieleza kuwa ni nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi. Nilipoishika nikaona kama nimeshika bua la mtama.

Fundi alimwazima fimbo mbili za kujaribia, vichwa sawa, mipini mbalimbali. Jumatano jioni, ng'ombe walipokwisha kunywa, tukaenda kwenye malisho nyuma ya kanisa. Mimi nikakaa juu ya jiwe. Jirani yangu Hosiana naye alikuja, maana Hosiana hakosi jambo. Damiani, mchunga ng'ombe, akasimama na fimbo yake mabegani akamtazama Evangelina akijipanga.

"Mama Coletha, hiyo fimbo yako inachunga nini?"

"Vifaranga vyeupe," akajibu Evangelina. "Na vinatoroka."

Alipiga mipira ishirini kwa chuma na ishirini kwa grafaiti. Nisidanganye, ya chuma ilianguka pamoja, ungeweza kuifunika kwa turubai moja la kuanikia maharage. Ya grafaiti ilikwenda mbali kidogo zaidi lakini ikatawanyika, mmoja huku kwenye miiba, mwingine kule. Hosiana akasema kitu chepesi ni cha mtoto, mtu mzima anashika kitu anachokisikia mkononi. Damiani akakubali.

Lakini mimi niliona kingine. Kila alipopiga kwa chuma, vidole vyake vilifunguka kidogo, halafu vikafunga tena.

Aliponigeukia akaniuliza, "Mama, wewe unaonaje?" nikasema, "Chuma."

Nikasema hivyo kwa sababu ya neno alilolitoa Jumatatu tukipalilia. Alisema akishindwa safari hii, gofu basi, atarudi nyumbani tulime wote. Alilisema kwa uchungu wake, akaendelea na mstari. Kwangu lilishuka kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Tangu baba yao Nikolaus afariki, nalala nimechoka, naamka nimechoka. Nikafikiri, chuma kikimuumiza, kiwiko kitamrudisha, wala si mimi.

Na viwiko navijua. Zamani mchwa walikuwa wanakula mipini yetu ya miti kila mwaka. Nikolaus akachoka kuchonga, akapeleka majembe mjini kwa fundi wa kuchomelea karibu na stendi, akarudi nayo yana mipini ya bomba la maji. Mutuka nzima ikaja kuyatazama, na msimu uliofuata karibu kila nyumba ilikuwa na bomba lake. Tukasema sasa tumepona. Mikono ilipoanza kuuma tukasema ni uzee, hata sisi wa miaka arobaini. Siku moja kwenye kazi ya kanisa niliazima jembe la mpini wa mti, na usiku ule mkono wangu ukanyamaza. Nilijua tangu siku hiyo. Sikusema, kwa kuwa Nikolaus alikuwa akijivunia bomba lake, na baadaye kwa kuzoea.

Ijumaa tulipalilia mpaka jua likawa kichwani. Evangelina alikuwa ameshika jembe kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuacha uning'inie. Akaniambia tu kwamba jioni atampigia Sosthenes amwambie chuma. Mimi maneno mazito hayanitoki yakiwa wazi. Nikamtegea kama alipokuwa mdogo.

"Kitendawili."

Akacheka kidogo. "Tega."

"Nampiga ardhi, yeye analia, lakini anayeumia ni mimi."

Akawaza. Akasema ngoma, nikakataa. Akasema mtoto mtukutu, nikakataa. Akaegemea jembe lake.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Chukua Arusha," akasema, wala hakuwa anacheza. "Mimi sina kazi nao tena."

Nikwambie, katika miaka yangu yote ya kutega, sijawahi kupewa mji nikaogopa kuupokea. Nikamwambia, "Huo siutaki. Nipe mwingine."

"Basi Dodoma."

"Haya. Nilikwenda Dodoma, wakanipa maji ya kunywa, wakaniuliza jibu. Jibu ni hilo ulilolishika. Jembe la mpini wa bomba."

Akalitazama jembe. Nikampa na yaliyobaki, bila kutega: kwamba niliona vidole vyake vikifunguka, na kwamba bomba ndilo limeniharibu mimi mikono. Nikasema, "Nilikwambia chuma kwa sababu nimechoka, mwanangu. Nilitaka urudi."

Akang'oa gugu kwa mkono, akalitupa.

"Mipira ilitawanyika, mama. Uliiona."

"Una mwezi wa kuikusanya. Mkono ukifa, hauna mwezi."

"Na shamba?"

Nikamwambia tumalize ule mstari.

Jioni, uani, alimpigia Sosthenes akamwambia grafaiti. Akaiweka simu kwenye sauti kubwa, na fundi akasema anahitaji kipimo kimoja: mtu asimame wima na viatu vyake, mikono imelegea, apimwe toka kwenye kifundo cha mkono mpaka chini. Nikatoa futi kamba ya kushonea. Nikapiga magoti mbele ya mwanangu, magoti yakalia yote mawili, nikaishusha futi mpaka kwenye vumbi. Sentimita themanini na tatu na nusu. Sosthenes akauliza kama nina hakika. Nikapima tena polepole, nikamtajia vilevile.

Simu ilipokwisha, Evangelina akanishika kwapani kwa mkono wa kushoto, akaninyanyua. Alikuwa ameshakata tiketi ya basi la kurudi Arusha Jumapili alfajiri. Shambani ilibaki mistari thelathini na kitu, na tulikuwa na Jumamosi moja tu.