Kitabu cha Matukio cha Mabawabu Tisa

Kila siku, saa nane mchana kasoro dakika kumi, Mzee Geti alihesabu funguo arobaini na moja, akachonga penseli, akapiga mstari chini ya tukio la mwisho katika kitabu cha matukio, ili bawabu wa zamu inayoingia asipate nafasi ya kuchomeka maneno yake juu. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na sita kwenye lango la kiwanda cha magodoro. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho.

Sheria ya lango ilikuwa moja: bawabu akiinuka kitini, aandike. Ndiyo maana kitabu cha mwaka juzi kilikuwa na maneno kama haya: "Saa nne na robo, bawabu ameenda haja ndogo. Saa nne na nusu, ameenda tena. Saa tano, ameenda, mkojo haukutoka." Kurasa chache mbele, kwa mwandiko uleule ulionyooka: "Damu kidogo."

Chini ya kila ukurasa kulikuwa na muhuri wa zambarau: IMEONEKANA. Muhuri ulikuwa wa msimamizi, lakini msimamizi alikuwa na mambo mengi, akauacha kwenye droo ya langoni ili asisumbuliwe. Kila Ijumaa Geti alisoma alichoandika wiki nzima, kisha akakigonga mwenyewe. Kitabu kikijaa kilipelekwa ofisini, kikawekwa kabatini. Zahanati ya kiwanda ilimwambia ni umri.

Hospitali ilipompima na kukuta saratani ya tezi dume, ilikuwa imepita miezi kumi na sita tangu damu ile. Akapewa likizo ya ugonjwa. Muhuri aliondoka nao mfukoni mwa koti lake, na hakuna aliyeuulizia.

Wiki tatu baadaye, akioga, aligusa vinundu viwili kwenye kinena, vigumu kama maharage mabichi. Mkewe hakubabaika.

"Huo ni mtoki," alisema. "Na mtoki hauji bure. Una kidonda mguuni."

Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akavaa miwani, akamwosha miguu huku akikagua kidole baada ya kidole. Hakuona kitu.

"Kimejificha," alisema. "Kesho nitaangalia tena."

Hospitalini, daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya upole, na alimwita Geti baba. Alimbonyeza kinena, akaosha mikono, akachora mwili wa mtu nyuma ya karatasi ya dawa na kuutia vitone vingi.

"Hizi ni tezi za limfu, baba. Kazi yake ni kama yako. Maji ya mwilini yakipita, zinakagua. Zikikamata kitu kibaya zinavimba. Huenda ni maambukizi tu, yatakwisha. Huenda saratani imetoka kwenye tezi dume ikafika hapa. Na zipo nyingine ndani ya nyonga ambazo mkono haufiki."

Geti aliweka kidole kwenye kitone kimoja.

"Sasa hawa mabawabu," aliuliza, "wamemzuia mtu, au wamezidiwa?"

"Hilo ndilo swali lenyewe. Na matibabu yako yanategemea jibu lake. Bila picha siwezi kujua."

Mashine ya picha ilikuwa imeharibika, ikisubiri kipuri. Foleni ilikuwa ya miezi saba.

Jumanne iliyofuata, saa nane kamili mchana, mabawabu walitoka. Walikuwa tisa. Wawili walitoka kinenani na saba walipanda kutoka ndani ya nyonga, bila maumivu, kama watu wanaoshuka ngazi baada ya kazi. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole gumba, amevaa koti la kahawia kama la Geti, na kifungo cha pili hakipo, kama kwenye koti la Geti. Walijipanga ukingoni mwa kitanda. Mkewe alisogeza kikombe cha chai wasije wakalowa.

"Mbona wamenenepa hivi?" aliuliza. "Na wewe unavyokonda! Kumbe chakula changu kinaliwa na hawa."

"Si unene, mama," alisema mkubwa wao. "Tumejaa. Kila tuliyemzuia tumemweka ndani, tukisubiri aje kuchukuliwa. Hakuna aliyekuja."

Alitoa kitabu cha matukio chenye ukubwa wa kucha. Macho ya Geti hayakukiweza. Mkewe alikisogeza dirishani, akasoma kwa sauti.

"'Saa tatu asubuhi. Amefika mgeni kutoka upande wa tezi dume. Anasema ni mwenyeji. Sura ni ya kwetu kweli, lakini hana kibali. Amezuiwa.'"

"Tarehe?" Geti aliuliza.

Mkewe aliisoma. Ilikuwa wiki ileile ya damu.

"'Wageni kumi na wanne. Nafasi imekwisha. Taarifa imepelekwa juu.'" Akafunua. "'Taarifa imepelekwa juu. Hakuna jibu.'" Akafunua tena. Maneno yalikuwa hayohayo kurasa nyingi.

"Juu wapi?" aliuliza Geti.

"Kwako, mkuu," alisema mkubwa wa mabawabu.

Kwa Geti taarifa zilifika kweli. Aliziandika zote kwa penseli.

"Soma la mwisho," alisema.

Mkewe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "'Jumapili. Tukiwa tunahesabu waliomo, wawili wamepita. Wameelekea kwenye mifupa.'"

Nje, jirani alikuwa akikung'uta vumbi la zulia. Mabawabu walisubiri kidogo, kisha wakarudi ndani mmoja mmoja, maana zamu ilikuwa haijapata wa kuipokea.

Kesho yake Geti na mkewe walipeleka kitabu hospitali. Daktari alikisoma kwa kioo cha kukuzia, kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia ukurasa wa Jumapili.

"Wameandika vizuri kuliko sisi," alisema.

"Basi jibu umelipata, mwanangu," alisema mkewe Geti. "Anza dawa."

"Dawa anayoihitaji sasa inaidhinishwa na jopo la madaktari, mama. Na fomu ya jopo ina sehemu ya namba ya picha. Nikiacha wazi wanairudisha. Mwezi uliopita wamenirudishia sita." Alikishika kitabu kile kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika yai. "Mimi nimeamini. Mimi siyo fomu."

Aliwaelekeza mapokezi. Karani alipima kitabu kwa macho, akasema ni kidogo mno kutobolewa kiingie kwenye faili, akakitia kwenye bahasha, na juu ya bahasha akagonga muhuri wa zambarau.

"Huyu na msimamizi wenu wamenunua muhuri duka moja," mkewe alisema. Geti alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha.

Siku ya pili, saa nane mchana, mabawabu walijipanga tena. Sasa walikuwa kumi na mmoja. Mkubwa wao alibeba kitabu kipya na kuvua kofia.

"Mkuu, kuna jibu?"

Geti alifikiria kusema wasubiri miezi saba. Aliyatazama makoti yao, yaliyokaza mgongoni hadi nyuzi zinaonekana. Akanyoosha mkono kwenye koti lake lililotundikwa, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi ili wino ulainike, akaugonga kwenye kitabu kipya. Muhuri ulikuwa mkubwa kuliko ukurasa. Uliyafunika maandishi yote.

Mkubwa wa mabawabu alikitazama kitabu.

"Ahsante, mkuu," alisema. "Tulidhani taarifa hazifiki."

Wakarudi kazini. Mkewe akaleta beseni, akavaa miwani, akapiga magoti, akaukagua mguu mmoja akitafuta kile kidonda.

"Lete na huo mwingine," alisema.

Geti akampa mguu.