Koki ya Meza ya Kumi na Nne

Shule ya mlimani ilikuwa na bureti arobaini, vile vipimio virefu vya kioo vyenye koki chini, na Mama Vioo alizijua zote kama watoto wa tumbo lake. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya maabara. Miaka tisa anaosha, na bintiye anasoma shule ya bondeni, ambako maabara ni ubao. Ndiyo, ubao! Mwalimu wa kemia wa kule, Mungu ambariki, hununua chaki za rangi kwa pesa yake, akachora bureti, akachora na chupa chini yake, kisha akawaambia watoto, "Fumbeni macho, muone inavyodondoka."

Shule zote mbili ni za serikali moja. Ila fungu la kila shule hutokana na kodi ya majumba ya mtaa wake, na vibanda vya bondeni vitatoa kodi gani? Mwenye nacho huongezewa. Na mfinyanzi hulia gaeni, maana bureti alizong'arisha mama, mwana hajawahi hata kuzigusa.

Mwaka huo watoto wa bondeni waliletwa mlimani kufanya mtihani wa vitendo, kwao hakuna pa kuufanyia. Binti alitaka chuo cha uuguzi, na chuo hakimtazami aliyeanguka vitendo. Wiki nzima mama alimfundisha kwa mrija na chupa ya soda.

"Jicho liwe sawa na mstari. Usichungulie kwa juu."

"Mama nawe, ushakuwa mwalimu!"

"Miaka tisa nasikiliza masomo mlangoni, hata mbuzi angefaulu."

Walicheka sana siku ile.

Siku ya mtihani Mama Vioo alikuwa kwenye ujia na dekio lake, akipiga deki palepale penye dirisha la maabara mpaka sakafu ikachoka. Binti alikaa meza ya kumi na nne. Alishika bureti vizuri, akaweka faneli, mama moyo ukamtulia. Kisha binti akashika koki ili aifunge kabla ya kumimina asidi. Akaizungusha kulia. Akaizungusha tena, na tena, kama bomba la mtaani kwao, akingoja ikaze.

Koki ile haikazi. Ikilala imefunga, ikisimama imefungua, basi. Mtoto wa mlimani hulijua hilo tangu kidato cha kwanza, na mama alilijua mno hata hakufikiri kwamba ni jambo la kufundishwa. Mrija hauna koki.

Binti aliiacha imesimama. Mama akainua kiganja, akakilaza hewani: laza, mwanangu, laza! Binti hakuinua macho. Aliyemwona mama ni msimamizi wa mtihani, akaja dirishani.

"Mama, ukionyesha kitu chochote, nafuta karatasi za chumba kizima."

Watoto thelathini na wanane wa bondeni walikuwa mle ndani. Mama alishusha mkono. Alisimama akamtazama binti anamimina, asidi inapita moja kwa moja, inajaza chupa, inafurika mezani. Binti aliziba kwa kidole, lakini bilauri ya asidi aliyopewa ilikwisha kuwa tupu. Akanyoosha mkono kuomba nyingine.

"Kipimo ni kimoja," msimamizi akasema. "Hakiongezwi."

Watoto walipotoka, Mama Vioo aliingia kuosha, maana ndiyo kazi yake. Alifuta meza ya kumi na nne, akaosha bureti, akailaza koki. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

Binti alikuwa akimngoja getini, kidole amekifunga leso.

"Niliifunga, mama. Niliikaza vizuri, haki ya Mungu."

"Nilikuona."

Wakatembea kidogo. Binti akasimama.

"Kwani wewe ulijua inavyofungwa?"

"Nilijua, mwanangu," mama akasema.