Kiganja cha Buluu

Dada wa kazi alikuwa amechutama jikoni, akisugua sufuria iliyoungua, alipoomba ruhusa kwa mara ya tatu.

"Mama, ni saa moja tu. Chekechea ya mwanangu wanamtaka mzazi mwenyewe. Mara ya kwanza sikwenda. Nikikosa na leo saa nne, nafasi yake anapewa mwingine."

Mama mwenye nyumba alikuwa anatafuta funguo za gari. "Jamani, na wangu je? Siku ya wazazi ni leo, saa nne hiyohiyo. Mimi nina kikao, baba yake kasafiri. Utaniwakilisha. Kwanza amekuzoea wewe kuliko mimi." Akacheka, kama vile hiyo ni sifa. "Wako si ana bibi?"

"Bibi hatembei, mama."

"Mwalimu ataelewa. Walimu nao ni watu."

Saa nne Dada alikaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, magoti yakimgusa kidevu, katikati ya wazazi wanaonukia. Mwalimu alisema mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto. Wote wakapiga makofi. Dada naye akapiga, angefanyaje?

"Hongera, mzazi," mwalimu alimwambia. "Huyu binti anasimulia hadithi vizuri. Inaonekana mnakaa naye."

"Ni wa bosi wangu."

"Aa. Basi chovya tu."

Akachovya mkono kwenye rangi ya buluu, akaubandika ukutani kando ya kiganja cha mtoto wa watu. Alama ilitoka nzuri, kila kidole mahali pake. Roho ilimuuma hasa.

Mama mwenye nyumba alirudi saa saba. Dada alitoka mbio, hata aproni hakuvua.

Chekechea ya mwanawe ilikuwa chumba kimoja cha watoto sabini. Mwalimu alikuwa anafunga mlango.

"Nimekusubiri mpaka nimechoka. Jina la mwingine nimeshalipeleka ofisini."

"Mwalimu, nilikuwa shuleni."

"Shule gani?"

Dada akautazama mkono wake wa buluu.

"Mnazaa, mnatuachia sisi," mwalimu alisema, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi siku hiyo. "Arobaini wako nje wanangoja nafasi. Sipangi mimi, mama."

Kidoti, mwanawe, alikuwa amekaa kwenye ngazi, karatasi mapajani. Kiganja chake kilichorwa kwa penseli upande mmoja. Upande wa pili palikuwa peupe.

"Hapa pako, mama," alisema. Kisha akauona mkono. "Kumbe una rangi!"

Akauvuta, akaubandika kwenye karatasi, akaukandamiza kwa mikono yote miwili, ulimi nje. Akauinua. Hakuna kitu.

"Imekauka, mwanangu."

"Tia mate."

Dada akatema mate kiganjani, akabandika tena, akakandamiza kwa uzito wake wote. Mwalimu alitikisa kufuli kuhakikisha imeshika, akawapita pale ngazini.

Kwenye karatasi palibaki alama ya maji tu, na jua la saa nane lilikuwa tayari linaikausha.