Kompyuta ya Kumsemea Baba

Baba alitoka hospitalini upande wake wa kulia ukiwa umekufa ganzi na ulimi haumtii. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi na kusahihisha maneno ya watu wengine. Sasa alibaki na sauti moja tu, "mm", na hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo, hapana, maji na maumivu. Binti yake alimlisha, akamgeuza kitandani, akamnyoa ndevu, na taratibu akajifunza kuzisoma zile "mm" kadiri alivyoweza. Ilikuwapo moja tu ambayo alijifanya haielewi. Hiyo baba aliitoa huku macho yake yakiwa mlangoni.

Alikuwa anamuulizia mke wake.

Mama alifariki baba akiwa wodini, hajitambui. Moyo ulisimama ghafla, mchana kweupe, akiwa anakunja nguo safi za kumpelekea mgonjwa. Wakamzika bila mumewe kujua. Baba alipofumbua macho, daktari akaonya kwamba asipewe habari za kumshtua mpaka apate nguvu, na shangazi, dada mkubwa wa baba, akatunga la kusema: mama amekwenda mbali kumuuguza ndugu yake. Nguvu zikarudi kidogo kidogo. Uongo ukabaki pale pale. Kila asubuhi shangazi aliinama kitandani akasema, "Mkeo anakusalimu sana, mdogo wangu," na baba akageuzia uso ukutani.

Binti huyu alikuwa fundi wa kompyuta. Alinunua zile zilizotupwa na maofisi, akazifufua kwenye kibanda chake kidogo, akawauzia wanafunzi na wenye maduka ambao mpya hawaziwezi. Alipofikiria namna ya kumpa baba maneno, alianza na simu. Haikufaa. Kidole cha mkono wa kushoto kilitetemeka juu ya kioo, kikagusa herufi tatu kwa mpigo, na baba akaisukuma simu ikaangukia godoro. Alitaka kitu kinachobonyea. Mkono wake ulizoea hivyo.

Basi Fundi akaenda kwenye ghala la mitumba, ambako kompyuta zilirundikwa kama matofali. Muuzaji alimjua.

"Leo unatafutia mteja gani?" akamuuliza.

"Baba yangu."

Muuzaji akaacha utani, akamsogezea zilizoingia wiki ile. Fundi alizipita zile nyembamba zinazong'aa, ambazo hata skrubu huoni na memori imegandishwa humo ndani kwa ndani. Akachukua moja nyeusi, nene, nzito, ya aina waliyokuwa wakipewa wafanyakazi wa maofisini. Bawaba zake zilikuwa za chuma. Akaifungua na kuifunga mara kadhaa akisikiliza, akakagua kioo kwenye mwanga, akanusa matundu ya feni kama kuna harufu ya kuungua. Mwisho akabonyeza vitufe kimoja kimoja. Vilizama vizuri na kurudi juu kwa nguvu.

"Betri imekufa na diski inakwaruza," muuzaji akasema. "Nisikufiche. Lakini bodi ni nzima. Ilikuwa ya bosi mmoja, haijawahi kuona kazi."

Fundi akacheka kidogo, cheko lake la kwanza tangu msiba, akaibeba.

Kibandani aliifumua yote. Akatoa vumbi lililoshikamana kwenye feni kama sufi, akakwangua dawa ya kupozea iliyokauka kama chokaa, akapaka mpya. Memori alichomoa kwenye kompyuta nyingine iliyovunjika kioo. Diski ya zamani, ile ya kuzunguka, akaitupa kando, akaweka ndogo isiyozunguka, na mashine iliyokuwa ikijikongoja ikawa inawaka kabla hujavuta kiti. Akaipangia isisome herufi mpaka kitufe kikandamizwe na kushikiliwa, ili mtetemeko wa mkono usimharibie baba sentensi. Maandishi akayafanya makubwa, meusi juu ya weupe, kama karatasi.

Shangazi alimkuta akiwa anafunga skrubu. Akakaa kwenye stuli, mkoba mapajani.

"Unampa mdomo," akasema. "Sawa. Na akikuuliza, utamjibu nini?"

"Sijui, shangazi."

"Basi fikiria kwanza. Yule hana mwili wa kubeba jambo kama lile. Ukimuua, utaishi vipi?"

Baada ya hapo Fundi akaanza kuchelewa. Alisafisha vitufe vilivyokuwa safi. Alibadilisha chaja nzima kwa chaja nyingine nzima. Wateja walipoiulizia mashine ile nyeusi, alisema bado haijaisha, na alijua fika kwamba imekwisha. Aliyekuwa bado ni yeye. Kila alipomgeuza baba kitandani aliyaona macho yake yakienda mlangoni, na asubuhi moja akashindwa kuvumilia. Akarudi kibandani, akaichukua, akaiweka kwenye meza ya kitandani.

Shangazi alikuwapo. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani.

Kidole kilitangatanga juu ya herufi kwa muda, kikashuka. Baba alibonyeza, akashikilia, akangoja, akaenda kwenye herufi nyingine. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Maneno yakajipanga kwenye kioo, bila kosa:

*mke wangu alikufa lini*

Shangazi akafungua kinywa. "Mdogo wangu, mkeo anakusal..."

Kidole kilikuwa kimeshaanza tena.

*mke wangu hanisalimu bila kunigombeza. salamu zako ni tamu mno dada*

Shangazi akakaa chini, pale pale sakafuni, akajifunika uso kwa khanga. Fundi akapiga magoti pembeni ya kitanda, akaushika ule mkono usiohisi, kisha akakumbuka, akazunguka akaushika wa kushoto. Akamweleza yote: siku, chumba, shati la baba la mistari lililokuwa bado mikononi mwa mama walipomkuta. Hakuficha kitu. Baba alilia kwa sauti ile ile moja aliyobaki nayo. Hakufa. Alilia mpaka mchana, akalala, akaamka, akataka kujua nani walibeba jeneza. Akatajiwa mmoja mmoja.

Kwa siku kadhaa hakumwandikia shangazi hata neno. Shangazi alikuja na kuondoka, akiacha chakula. Halafu asubuhi moja baba akamwashiria asogee.

*ulibeba peke yako muda mrefu. pole dada*

 Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, akamtengeneza kola.

Alipoweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, baba akaandika kwamba anataka kwenda kaburini, na mashine iende naye. Fundi akarudi ghalani, akachambua rundo la mabovu mpaka akapata ndugu wa mashine ile, aliyepondeka kioo lakini betri yake bado ina uhai, akaihamisha.

Makaburini jua halikuwa kali. Walimsogeza mpaka karibu na udongo uliokuwa umeanza kutulia, Fundi akamwekea mashine mapajani, akaiwasha. Baba akawatazama, yeye na shangazi, mpaka wakaelewa, wakarudi nyuma, wakasimama njiani.

Aliandika muda mrefu sana. Kutoka pale walipokuwa waliona bega tu, likishuka na kupanda. Mara moja alisimama, kama mtu anayesahihisha, akaendelea. Alipomaliza akayasoma. Kisha akakandamiza kitufe cha kufutia, akakishikilia, akaangalia yakiondoka yote.

"Mm," akasema.

Binti yake akaja, akaifunga mashine, wakaondoka.