Mama Randa Avunja Lakiri

Mama Randa alikuwa na drili tatu na akili zake timamu, ndiyo maana jambo lile lilimkera. Drili ya kijani ilikuwa nzima, ila betri yake ilikufa na betri za namna ile hazitengenezwi tena. Ya njano nayo nzima, ila chaja yake iliungua. Iliyobaki kazini ni ya bluu, yenye betri moja iliyobakiza miezi tisa ya dhamana. Betri hiyo haikuingia kwenye zile nyingine mbili kwa sababu ya kiulimi cha plastiki kisichozidi ukucha. Miaka ishirini na saba ya useremala, na bado mtu anazika mashine zingali hai! Rafu ya nyuma ya karakana yake aliiita makaburini.

Kwa hiyo ofisi ya kulinda wanunuzi ilipotangaza kikao cha maoni kuhusu kanuni mpya, kwamba kila mashine ya mkono inayouzwa ikubali betri ya umbo moja na chaja moja, alijiandikisha kusema siku ileile.

Siku moja kabla ya kikao, shemeji yake akaja. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi katika duka la wakala wa drili za bluu. Kwa kawaida hakuingia karakana ile bila kumtania kwamba vumbi la mbao ndilo poda yake. Siku hiyo utani ulikauka. Alizunguka kati ya milango kumi na miwili ya zahanati iliyoegemezwa ukutani, akasifia mbao, akasifia bawaba, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka Mama Randa akamwuliza ametumwa na nani.

Hapo akaitapika habari yote. Bosi wake ameona orodha ya wasemaji. Kuna mgeni wa kampuni anakuja kuipinga kanuni, na atakayesimama kumbishia asitarajie huduma dukani tena. Milango aliyoagizwa inatakiwa kuanza kufungwa kwenye fremu zake huko zahanati kesho mchana. Betri ikisumbua, ataipeleka wapi?

"Shemeji, hii mara moja tu, nyamaza," akasema. "Na mimi pale ndipo ninapokula."

Mama Randa alimhurumia, maana alimpenda. Lakini hasira ilimpanda palepale, tena si kwake yeye bali kwa waliomtuma ndugu kumtisha ndugu. Akamwambia aende nyumbani, na kesho avae shati safi.

Kesho yake ukumbi ulijaa mafundi. Mgeni wa kampuni alizungumza taratibu, kama daktari anayemtuliza mgonjwa. Kila betri imeundwa kwa ajili ya mashine yake, alisema, seli zake za ndani ni za pekee, na kuchanganya ni kuuchokoza moto. Shemeji alikaa nyuma yake ndani ya shati la bluu lenye nembo ya duka, macho sakafuni.

Zamu ya Mama Randa ilipofika, hakutoa karatasi. Alitoa betri ya kijani iliyokufa, betri ya bluu iliyo hai, na bisibisi fupi. Skrubu za betri zile zimewekewa kinundu katikati makusudi, ili bisibisi ya kawaida isiingie, naye alikuwa ameitoboa ncha ya bisibisi yake mpaka ikaingia. Akaifungua ya kijani. Ndani mlikuwa na seli kumi nyekundu zimelala safu mbili. Kisha akaishika ya bluu, ambayo skrubu yake moja ilifunikwa kwa lakiri ya karatasi.

Mgeni akamwonya kwamba akiigusa lakiri ile, dhamana imekufa.

Mama Randa aliiwaza milango kumi na miwili. Aliogopa, ila akaielekeza bisibisi kwenye lakiri.

"Andikeni kwamba nimeonywa," akasema, akaitoboa.

Seli kumi nyekundu. Kiwanda kilekile, namba ileile. Mgeni akasema vitu hufanana kwa macho tu, na kwamba fundi aliyesomea ndiye anayeweza kujua. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, akauliza kama yumo fundi kama huyo ukumbini. Ukumbi mzima ukaligeukia shati la bluu.

Shemeji alisimama polepole. Alimtazama mgeni, kisha akamtazama mke wa kaka yake.

"Ni zilezile, mwenyekiti," akasema. "Watu huniletea za kijani nyumbani, nawawekea seli za bluu. Haijaungua hata moja."

Kikao kikaisha saa sita. Kanuni ilipitishwa kwenda hatua inayofuata, na betri zote mbili zikabaki ofisini kama ushahidi. Mama Randa akatoka bila betri hata moja. Shemeji alimkuta ngazini, amekwisha kulivua lile shati, amebaki na fulana.

"Sasa milango utaifungaje, shemeji?"

"Kwa kekee ya kaka yako, ile drili ya kuzungusha kwa mkono. Na bisibisi ziko mbili."

"Umenifukuzisha kazi."

"Hukuzaliwa na hilo shati. Twende."

Njiani alinung'unika, na huko zahanati alinung'unika zaidi, maana kutoboa mbao ngumu kwa mkono si mchezo na viganja vyake vilikuwa vya mtu wa dukani. Kufikia saa kumi mlango wa kwanza ulikuwa umesimama kwenye bawaba zake. Mama Randa akaufungua, akaufunga, akampa kekee aanze wa pili.